Taa za Sola za Bustanini Zinapogoma: Kutafuta Kasoro Katika Hewa ya Mombasa

Taa ya sola ya bustani ina sehemu nne tu: paneli inayogeuza jua kuwa umeme, betri inayouhifadhi, kibao kidogo cha elektroniki kinachoamua wakati wa kuchaji na wakati wa kuwasha, na balbu ya LED. Sehemu zikiwa chache, kasoro nazo huwa chache, na katika kuzifungua taa hizi hapa mtaani Tudor, Mombasa, za nyumbani kwangu na za majirani, nimeona kwamba balbu karibu kila mara huwa nzima. Inayokufa kwanza ni betri, kisha vibano vya chuma vinavyoishika, ambavyo hewa ya chumvi huvila polepole bila mwenye taa kujua. Ndiyo maana huniuma kuziona taa zimetupwa jaani baada ya mwaka mmoja, ilhali kilichohitajika kilikuwa betri moja mpya na nusu ndimu ya kuondolea ukoga.

Usinunue chochote wala usilegeze skrubu yoyote kabla ya kujua tatizo liko upande gani. Je, jua halifiki kwenye paneli? Betri haishiki chaji? Au njia kati ya paneli, betri na balbu imekatika mahali? Kila dalili iliyoelezwa hapa chini hurudi kwenye mojawapo ya maswali hayo matatu, na makosa mengi ya ukarabati hutokana na kulijibu swali la pili kabla ya kulimaliza la kwanza.

Majaribio matatu ya kuanzia

Jaribio la kwanza ni kufunika paneli yote mchana kwa kiganja au kwa kitambaa cheusi, swichi ikiwa imewashwa. Katika taa nyingi ndogo za kuchomeka ardhini hakuna jicho maalumu la kupima giza. Paneli yenyewe ndiyo jicho, kwa sababu umeme wa paneli unaposhuka kibao huchukulia kwamba usiku umeingia na kuiwasha balbu. Taa ikiwaka ulipofunika, hata kwa mwanga hafifu, basi balbu na kibao ni vizima, na uchunguzi unabaki kwenye betri na jua. Isipowaka, usiihukumu bado, kwani betri tupu huleta dalili hiyohiyo.

Jaribio la pili halihitaji kifaa chochote, nalo ndilo ninalolitegemea zaidi: chukua betri kutoka taa inayofanya kazi, uitie kwenye taa iliyokufa ya aina ileile, kisha betri ya taa iliyokufa uitie kwenye taa nzima. Ugonjwa ukihama pamoja na betri, betri ndiyo mbovu. Ugonjwa ukibaki kwenye taa, tafuta kutu, waya uliokatika au maji.

Jaribio la tatu ni la mwenye mita ndogo ya kidijitali, kama ile wanayotumia mafundi wa redio na simu. Betri ya Ni-MH (aina ya betri ya kuchajiwa iliyomo katika taa nyingi ndogo) ya volti 1.2 iliyochajiwa vizuri husoma karibu volti 1.3 au zaidi kidogo. Ukiipima alfajiri ukapata chini ya 1.0, hiyo ni betri iliyofanya kazi usiku kucha na kumaliza chaji, wala si lazima iwe mbovu. Ipime tena saa 10 alasiri baada ya siku ya jua kali: ikiwa bado haijafika 1.2, ama haipokei umeme kutoka kwa paneli au haiwezi tena kuuhifadhi. Ili kutenganisha mambo hayo mawili, toa betri na upime nyaya za paneli yenyewe juani. Paneli ya taa ndogo ya betri moja kwa kawaida hutoa volti 2 au zaidi wakati wa adhuhuri. Ukipata sifuri, waya umekatika au umeliwa na kutu mahali ulipoungwa.

Taa haiwaki kabisa

Kama taa ni mpya, angalia chini ya kofia yake. Taa nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kijikaratasi cha plastiki kilichopachikwa kati ya betri na kibano ili isitumike njiani, na swichi ndogo iliyofichwa chini ya paneli ikiwa imezimwa. Betri nazo hufika zikiwa karibu tupu baada ya kukaa miezi mingi melini na dukani, kwa hiyo ipe taa siku mbili kamili za jua kabla ya kuirudishia lawama.

Taa ikiwaka unapoifunika mchana lakini ikakataa kuwaka usiku, sababu karibu daima ni mwanga wa taa nyingine unaoiangukia paneli. Taa ya barabarani, taa ya ulinzi ya jirani, au hata taa kubwa ya sola uliyoifunga mwenyewe juu ya lango, inatosha kukidanganya kibao kwamba jua bado halijatua. Simama penye taa hiyo saa 2 usiku utazame juu: kama unaiona balbu ya barabarani moja kwa moja, paneli nayo inaiona. Isogeze nyuma ya kichaka au upande wa pili wa ukuta, na shida itakwisha bila kutumia hata shilingi.

Sababu ya tatu ndiyo ya kwetu sisi watu wa pwani, nayo inahitaji maelezo marefu zaidi. Bibi mmoja jirani yangu aliniita asubuhi moja baada ya masika. Nilipofika barazani nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Njoo unitazamie taa hizi, zimekufa zote sita na mwaka haujesha." Nilifungua ya kwanza. Springi ya kibano cha betri ilikuwa imefunikwa na ungaunga wa kijani, kama ukoga wa sufuria ya shaba iliyosahaulika, na ncha ya betri ilikuwa na gamba jeupe gumu. Umeme wa volti 1.2 ni mdogo mno kuweza kupenya hata utando mwembamba wa ukoga, kwa hiyo betri inaweza kuwa na chaji tele huku balbu ikiona kiza kitupu.

Tulikata ndimu, tukachovya mswaki wa zamani, tukasugua. Gamba jeupe lilitoa povu dogo, kwa sababu kilichovuja kwenye betri za aina hii ni kemikali ya magadi inayoyeyushwa na asidi ya ndimu au siki. Kisha tulipangusa kwa kitambaa kilicholowa maji safi kidogo, tukakausha juani kwa saa moja, tukapitisha msasa laini kwenye ncha hadi chuma kikang'aa, na mwisho tukapaka vaselini kiasi kidogo sana ili hewa ya chumvi isishike tena. Betri mbili zilizokuwa zimevuja tulizitoa kabisa, maana betri iliyovuja haitengenezeki na itaharibu kibano upya. Taa nne ziliwaka jioni ya siku ya pili kwa betri zake zilezile, na mbili zilizobaki ziliwaka alipopata betri mpya. Fanya kazi hii ukiwa umevaa glavu, na usiguse macho kabla ya kunawa.

Taa inawaka jioni lakini inazimika mapema

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi, na ndiyo yenye sababu nyingi. Anza na betri kama taa imevuka mwaka mmoja na nusu. Kila siku betri inajazwa mchana na kumalizwa usiku, nayo huvumilia mizunguko mia kadhaa tu ya namna hiyo, hivyo kudhoofika kwake baada ya mwaka mmoja hadi mitatu ni uzee wa kawaida. Joto huharakisha uzee huo. Betri iliyofungiwa ndani ya kofia nyeusi ya plastiki juani, hasa miezi ya kaskazi kuanzia Januari hadi Machi, huchemka kupita hewa ya nje, na betri ya Ni-MH iliyo moto hupokea chaji vibaya. Ukiwa na hiari ya kuchagua, nunua taa yenye rangi ya fedha au nyeupe badala ya nyeusi.

Katika kununua betri mpya, soma maandishi ya ile ya zamani kabla ya kuitupa. Kama imeandikwa Ni-MH au Ni-Cd na 1.2V, mbadala wake ni Ni-MH ya volti 1.2 na ya umbo lilelile. Usitie betri ya kawaida ya tochi, ambayo haikuundwa kuchajiwa, kwa sababu paneli itajaribu kuichaji kila siku mpaka ivuje au ipasuke. Kama imeandikwa LiFePO4 (aina mojawapo ya lithiamu) na 3.2V, usiibadilishe kwa lithiamu ya volti 3.7 hata kama ukubwa wake unalingana kabisa. Kibao cha taa hiyo hakitaijaza ya 3.7 ipasavyo, na kinyume chake ni kibaya zaidi: betri ya 3.2 katika taa iliyotengenezewa 3.7 itachajiwa kupita kiwango chake.

Wauzaji wengine hutoa betri za ukubwa wa AA zenye maandishi ya 4,000 mAh (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi) au zaidi. Betri halisi ya Ni-MH ya ukubwa huo haivuki sana 2,800, kwa hiyo namba hiyo ichukulie kama onyo. Hata ukipata iliyo ya kweli ya 2,000, paneli ndogo ya taa ya bustani haitaijaza kwa siku moja. Ile ya 600 hadi 1,000 inatosha na inalingana na uwezo wa paneli.

Betri ikiwa mpya na taa bado inazimika saa 3 usiku, geukia jua. Hapa kuna jambo ambalo karatasi za maelekezo zinazokuja na taa hazilielezi, kwa kuwa nyingi zimeandikiwa watu wa nchi za kaskazini ya dunia na huagiza paneli ielekezwe kusini. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta. Jua la kwetu hupita karibu na utosi, na katikati ya mwaka hukaa upande wa kaskazini, huku Desemba likihamia kusini. Kwa hiyo paneli inafaa itazame juu, ikiwa imeinamishwa kidogo tu, kiasi cha kuyafanya maji ya mvua yateleze na kuondoka na vumbi.

Kuhama huko kwa jua ndiko kunakowachanganya wengi, kwa sababu taa iliyokuwa hodari Februari hugeuka dhaifu Juni bila kuguswa na mtu. Chukua ukuta wa ua wenye urefu wa mita 3. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri hapa hupanda hadi nyuzi 63 hivi upande wa kaskazini, na kivuli cha ukuta huo huanguka upande wa kusini kwa takriban mita moja na nusu. Taa zote ulizozipanga chini ya ukuta huo, kwa upande wa kusini, hukosa jua la saa zile ambazo ni kali kuliko zote. Mwishoni mwa Desemba mambo hugeuka, na kivuli cha mita moja hivi huangukia upande wa kaskazini. Anayetaka kujua bustani yake isemavyo na atembee ndani yake saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, aweke kijiwe mahali kila kivuli kinapokomea, kisha achomeke taa zake katika sehemu ambayo haikuguswa na kivuli chochote.

Kivuli kidogo kina madhara makubwa kuliko ukubwa wake. Paneli imeundwa kwa vipande vilivyoungwa kwa kufuatana, kama watu wanaopokezana ndoo za maji, na kipande kimoja kikifunikwa na jani la mwarobaini, mkondo wa paneli nzima hubanwa. Matawi ya asumini na mabogenvilia hukua kwa kasi wakati wa mvua. Taa iliyokuwa wazi mwezi wa tatu inaweza kuwa imemezwa kabisa mwezi wa sita.

Kisha kuna uchafu, nao katika Mombasa ni wa namna tatu. Upepo wa kusi huleta ukungu wa chumvi kutoka baharini, na nyumba za Nyali, Bamburi na Shanzu zilizo karibu na ufuo hupata utando mweupe juu ya paneli ndani ya wiki chache. Pande za Changamwe na kandokando ya barabara za malori, utando huo ni wa vumbi na moshi. Namna ya tatu ni kunguru. Ndege hawa hupenda kutua mahali palipoinuka, na paneli ya taa kubwa iliyofungwa juu ya nguzo ni kiti walichotengenezewa. Kinyesi chao kikikauka huziba mwanga kabisa mahali kilipoangukia, na kwa sababu ile ya vipande kufuatana, doa moja hupunguza nguvu ya paneli yote. Mimi nimefunga uzi mwembamba wa kuvulia samaki sentimita chache juu ya ukingo wa paneli. Kunguru hapati pa kusimama, na kivuli cha uzi hakina uzito.

Safisha kwa kitambaa laini, sabuni kidogo na maji ya mfereji, mapema asubuhi kabla kioo hakijapata moto. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, na ukiyatumia unaiacha paneli na utando uleule uliokusudia kuuondoa. Kama mfereji hautoi, kama ilivyo siku nyingi katika mitaa yetu, maji ya mvua yaliyokingwa katika pipa safi yanafaa kuliko ya kisima.

Paneli ikiwa safi lakini imekuwa ya maziwa au manjano, uso wake ni wa plastiki au gundi ngumu iliyochomwa na jua. Dawa ya meno na kitambaa, ukisugua kwa mzunguko bila kukandamiza, huondoa tabaka la juu na kurejesha sehemu ya mwanga. Hata hivyo tiba hiyo ni ya muda, na taa inayofuata uinunue yenye paneli ya kioo.

Masika ni habari nyingine. Mvua ya Aprili na Mei inapofunika anga siku tatu mfululizo, taa kuzimika saa 2 usiku si ugonjwa, ni njaa. Unaweza kuzizima siku mbili ili zijaze betri, lakini hakikisha kwanza kwamba kwa taa yako kuzima swichi hakukati njia ya kuchaji, kwani katika baadhi ya taa hukata. Pima betri asubuhi na alasiri taa ikiwa imezimwa: ikiwa volti imepanda, inachaji.

Mwisho, huenda taa haina kasoro yoyote ila ahadi iliyoandikwa kwenye boksi. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu wanaoumizwa nalo ni watu waliojinyima ili wapate mwanga langoni. Taa kubwa zenye maandishi ya wati 200 au 300 huuzwa pamoja na paneli ya sentimita 35 kwa 24. Jua la adhuhuri likiwa kali kabisa huleta wati 1,000 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paneli hiyo hupokea wati 84, na ikiwa nzuri hugeuza moja ya tano tu kuwa umeme, yaani wati 17 kwa makadirio ya juu. Siku ya jua zuri Mombasa ni sawa na saa tano za jua la namna hiyo. Unapata takriban wati-saa 80, ambazo taa ya wati 300 ingezimaliza kwa dakika 16. Ukitaka kuwaka kuanzia magharibi hadi alfajiri, saa 12 za usiku wetu, taa hiyo haiwezi kutumia zaidi ya wati 6 au 7. Pima paneli kwa rula dukani, ufanye hesabu hiyo kabla ya kutoa pesa.

Taa inawaka mchana

Wengi hudhani hii ni dalili ya nguvu, ilhali ni ya kukatika. Kama waya wa paneli umeachana na kibao, kibao hakioni umeme wowote, hudhani ni usiku, na huwasha balbu mchana hadi betri iishe. Kwa hiyo taa iliyowaka mchana wa jana na leo imekufa kabisa ina ugonjwa mmoja, si miwili. Fungua kofia utazame nyaya mbili nyembamba zinazotoka chini ya paneli, kwa kawaida nyekundu na nyeusi. Mara nyingi utaukuta mmoja umekatika hasa mahali ulipolehemiwa, ukiwa na ncha ya kijani. Ukwangue hadi shaba ionekane na umwombe fundi wa redio aulehemu upya. Ni kazi ya dakika chache. Kabla ya hayo, hakikisha tu kwamba taa haiko chini ya baraza lenye giza au kichaka kizito, ambako kibao kinaona jioni ya kudumu.

Taa inapepesa

Betri iliyo karibu kuisha hupepesa, na kibano kilicholegea hupepesa upepo ukivuma. Tikisa taa kwa mkono, na mwanga ukibadilika, vuta springi kidogo ili ibane. Lakini kuna kupepesa kwa mpigo sawasawa, kuwaka na kuzima kila baada ya sekunde moja au mbili, ambako hutokea taa ikiwa karibu na ukuta uliopakwa chokaa. Taa huwaka, mwanga wake hupiga ukutani na kurudi kwenye paneli, kibao hudhani kumekucha, huzima, kisha giza hurudi na mchezo kuanza upya. Igeuze au uisogeze hatua moja kutoka ukutani.

Sensa ya mwendo haisikii, au inawaka yenyewe

Sensa hizi hazioni mtu. Huhisi badiliko la joto linalopita mbele yake. Katika usiku wa Februari, ukuta uliopigwa na jua kutwa bado unatoa joto linalokaribiana na la mwili, na mtu anayepita mbele yake hutofautiana nao kidogo tu, ndiyo maana sensa huonekana kiziwi jioni na kuamka baadaye kadiri ukuta unavyopoa. Ielekeze ili watu wapite mbele yake kwa kukata njia, si kwa kuifuata moja kwa moja, na uifunge mita 2 hadi 3 kutoka ardhini. Ikiwaka bila mtu, tazama kwanza paka na matawi yanayopigwa na upepo, kisha angalia kama mjusi amefanya makao juu ya kioo cha sensa, akifuata wadudu wanaovutwa na mwanga.

Maji ndani ya taa

Ukungu mdogo ndani ya kioo asubuhi, unaoondoka kabla ya adhuhuri, hauhitaji kushughulikiwa. Maji yanayotembea ndani yanahitaji. Fungua, toa betri mara moja, kausha sehemu zote kivulini kwa siku nzima penye upepo, kisha kagua mpira wa kuziba. Ukiwa umekakamaa, paka silikoni nyembamba kuzunguka kofia na mahali waya unapoingilia, lakini tundu dogo lililo chini usilizibe, kwa sababu hilo ndilo mlango wa kutokea maji yatakayoingia hata hivyo. Nyufa nyingi za taa ndogo huanzia siku ya kwanza, pale mtu anapozigonga kwa nyundo katika ardhi yetu ya mawe ya matumbawe. Toboa shimo kwanza kwa mtaimbo, uchomeke taa kwa mkono, ushindilie mchanga kandoni.

Betri ulizozitoa usizichome pamoja na majani makavu, kwani za lithiamu hulipuka, wala usizizike bustanini, maana za Ni-Cd zina kadimiamu, sumu inayoweza kufika kisimani. Funga ncha zake kwa utepe wa umeme, uziweke katika mkebe mkavu mbali na watoto, na uzipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki mkebe unapojaa.